Ukuta wa mviringo na mashini ya kuchora: ni nani anayechagua?

Katika vitabu vidogo vya namna hii tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya watoto na heshima kwa wakwe. Ni mambo makubwa, hatuyadharau. Lakini mara hii tunaomba wasomaji watuvumilie, sababu tunataka kusema juu ya ukuta. Si ukuta wa mfano wala wa hadithi. Ni ukuta wa matofali, ule mtu anauegemea akichoka.

Ulizo letu ni hili: kama mashini ya kuchora nyumba inatufanya tuache umbo la nyumba ya wazee wetu, je, ni sisi tumeliacha, ao ni mashini imetunyang'anya? Na kama ni mashini, je, mashini inaweza kubeba kosa? Mwingine atasema: hiyo ni kazi ya watu wa ujenzi, walimu wanatafuta nini mule? Tunajibu kama kila mahali mtu anaposema «haiwezekani», pale mwalimu ana kazi.

1. Jambo lenyewe

Hapa kwetu Kivu, watu wa kartiye moja walipatana kujenga barza ya kukutania: mahali pa kukata maneno, pa kupokea wageni, pa kufundishia vijana desturi. Sisi tulikuwa kati yao. Makuta yalichangwa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Wazee waliomba kitu kimoja tu: barza iwe ya mviringo, kama nyumba walimozaliwa. Kazi ya kuchora ikapewa kijana mmoja wa kwetu aliyesoma ujenzi na mwenye ordinateri. Alikubali kuifanya bure, na kwa hiyo tunamshukuru mpaka leo.

Baada ya majuma mawili akaleta karatasi. Tulitazama: nyumba nzuri, madirisha mazuri, paa zuri. Lakini ilikuwa na pembe ine. Muzee mmoja, aliyepita miaka makumi nane, akaishika karatasi, akaigeuza upande huu na upande huu, kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akauliza:

— Mwanangu, mviringo uko wapi?

— Baba mukubwa, mashini haikubali. Ukuta wa kupinda unaleta shida. Nikitaka kuweka mulango, inakataa. Haiwezekane.

Muzee akanyamaza kidogo, akasema:

— Sasa mwanangu, ni mashini njo itakaa mule ndani?

Watu walicheka sana. Tuseme kweli, hata sisi tulicheka. Kijana akainamisha kichwa. Lakini tulipofika nyumbani kicheko kiliisha, tukaona kama ulizo la muzee halikuwa mzaha. Na tukaona tena kama kumcheka kijana haikuwa haki, sababu sisi wenyewe, wenye diploma, hakuna aliyejua kumwambia ni nini mashini inakataa na ni kwa sababu gani. Ndiyo maana tukaanza kutafuta.

2. Mviringo wa wazee ulikuwa nini

Kwanza tuweke mambo sawa. Wengine wetu wanapenda kusema «nyumba ya Mwafrika ni ya mviringo». Si kweli. Katika inchi yetu peke yake kuna desturi nyingi. Wakongo wa upande wa magharibi walijenga nyumba za pembe ine. Wakuba wa Kasai vilevile, na kuta zao walizifuma kwa mikeka yenye michoro ya kunyoka na ya kukatana inayosifiwa katika dunia nzima. Wamangbetu walikuwa na nyumba za mviringo, lakini Mjerumani Georg Schweinfurth, alipofika kwa mfalme Munza katika mwaka wa 1870, alikuta pale ukumbi mrefu sana, wenye paa lililopinda kama mgongo. Basi pembe si za wazungu, na mviringo si wa Waafrika. Sisi tunasema tu juu ya kwetu: kwa Bashi na Bahavu, na kwa majirani wa Rwanda na Burundi, nyumba ya wazee ilikuwa msonge, iliyojengwa kwa miti myembamba, matete na majani.

Mviringo huo haukuwa ujinga. Mtu anayechimba kijiti kimoja katikati, akafunga kamba, akazunguka nayo, amekwisha kuchora nyumba. Hana lazima ya kupima pembe hata moja. Tena, kila mwalimu wa hesabu anajua jambo hili: kwa urefu ule ule wa ukuta, hakuna umbo linalofunga nafasi kubwa kupita mviringo. Chukua ukuta wa mita 12. Ukijenga mraba, unapata mita mraba 9. Ukijenga mviringo, unapata karibu mita mraba 11 na nusu. Mtu aliyekata matete kwa mikono yake, akayabeba kwa kichwa, hakuhitaji shule ili aone faida hiyo.

Na ukuta wa kupinda unasimama vizuri kupita ule ulionyoka. Simamisha karatasi mezani: inaanguka. Ikunje kidogo: inasimama. Kule Zimbabwe, ukuta wa nje wa Zimbabwe Kuu una urefu wa karibu mita 250, na mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu. Ni mawe matupu yaliyopangwa, hakuna udongo wala simenti ya kuyashika, na unazunguka wote. Wakoloni wengi walikataa kwa miaka mingi kukubali kama Waafrika ndio waliujenga, hata baada ya wachunguzi kama David Randall-MacIver, katika 1905, na Gertrude Caton-Thompson, katika 1929, kuonyesha kama ni kazi ya watu wa pale pale. Kaskazini mwa Kameruni, Wamusgum walijenga nyumba za udongo mtupu zenye umbo la yai lililosimama, ndefu kupita mtu mara ine ao tano, na ukuta unakuwa mwembamba kadiri unavyopanda. Kupinda ndiko kunakozibeba.

Lakini tusiugeuze mviringo kuwa mungu mdogo. Wengine wanasema: katika mviringo hakuna wa mbele wala wa nyuma, basi mviringo ni usawa. Muulize mtu aliyekulia katika msonge. Mlango ulikuwa mmoja, na kila mtu alijua mahali pake: pa baba, pa wageni, pa wanawake, pa mbuzi. Ukuta wa mviringo haukuzuia mtu kunyamazishwa. Tunaupenda juu ya sababu zingine, si juu ya uwongo huo.

3. Tulivyofika kwenye pembe ine

Wakati wa Wabelgiji vijiji vingi vilihamishwa na kupangwa kandokando ya barabara, nyumba kwa mstari, ili serikali ihesabu watu, ipate wafanyakazi na kodi. Mstari ni rahisi kuhesabu. Kisha mji ukaleta parseli, na parseli ina pembe ine. Mabati nayo yana pembe ine. Ukitaka kufunika msonge kwa mabati, unakata sana na unatupa mingi. Kitanda kina pembe ine, kabati ina pembe ine. Kila kitu kilichoingia nyumbani kilisukuma ukuta kidogo, mpaka ukanyoka.

Je, tulilazimishwa? Mwanzoni, ndiyo, watu walilazimishwa kuhama. Lakini baadaye tulichagua wenyewe, na mara nyingi tulichagua vizuri. Majani yanashika moto, yanaoza, yanaleta wadudu. Mama anayelala chini ya mabati wakati wa mvua ya mwezi wa ine hana hamu ya kurudi chini ya majani. Basi hatusemi «turudi nyuma». Tunachosema ni hiki: zamani, kila mara ukuta uliponyoka, kulikuwa na sababu mtu anaweza kuitaja. Kwa barza yetu, sababu ilikuwa nini? Kijana hakusema «mabati yatapotea». Hakusema «makuta hayatoshi». Alisema «mashini haikubali».

4. Mashini inafanya nini hasa

Tulikaa na yule kijana siku tatu za jioni, wakati umeme ulipokuwako. Tunataka kumwonyesha msomaji yale tuliyoyaona, sababu mtu hawezi kuhukumu kitu asichokijua.

Watu wa ujenzi walianza kuchora kwa programu za ordinateri zamani kidogo. AutoCAD ilitoka katika mwaka wa 1982, SketchUp katika mwaka wa 2000. Kwanza programu hizi zinajua mstari ulionyoka. Unabonyeza hapa, unabonyeza kule, ukuta umezaliwa. Ukuta wa kupinda unahitaji zaidi: mahali unapoanza, mahali unapoishia, na kiasi gani unatoka nje ya mstari. Ukisha kutoa vitu hivyo vitatu, mviringo wake unajulikana, na hesabu yake ni ya darasani kwetu. Kama kamba iliyonyoka kati ya miisho miwili ina mita 4, na tumbo la ukuta linatoka nje nusu mita, nusu-kipenyo ni mita 4 na sentimeta 25. Fundi anaweza kuitafuta kwa kamba na vijiti, bila umeme.

Sasa ndipo tuliposhangaa. Katika programu kama SketchUp, mviringo unaouona si mviringo. Ni mistari mingi mifupi iliyonyoka, iliyofungwa pamoja. Kama mtu habadilishi kitu, mistari hiyo ni 24. Jicho linadanganyika, sababu mashini inafuta alama za pembe na kulainisha rangi. Tukachukua barza yetu, yenye nusu-kipenyo cha mita 5, tukapiga hesabu. Katikati ya kila mstari, ukuta wa mashini unapungukiwa na mviringo wa kweli kwa sentimeta 4 na kidogo. Mzunguko mzima unapoteza sentimeta 9. Nafasi ya ndani inapungua kwa karibu mita mraba moja: ni kiti cha muzee mmoja!

Na mlango je? Hapo kijana alikuwa na haki nusu. Kwenye uso ulionyoka, programu inakuacha uchore mlango na kuusukuma ndani, tundu linatoboka. Kwenye uso uliopinda, chombo kile kile kinagoma, sababu kimetengenezwa kwa uso bapa. Lakini kuna njia nyingine: unatengeneza sanduku lenye kipimo cha mlango, unalipitisha ndani ya ukuta, unaambia programu ionyeshe mahali vitu viwili vinapokatana, kisha unafuta kilichobaki katikati. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kijana wetu hakuijua, hakuna aliyemfundisha. Jioni ya tatu alifaulu. Alipoona mlango umefunguka katika ukuta wa mviringo, alipiga mikono kama mtoto.

Basi mashini haikuwa imekataa. Ilikuwa imefanya njia moja kuwa barabara na njia nyingine kuwa kichochoro.

5. Je, mashini ni mwongo?

Mmoja wetu, mtu mwenye moto, akasema: «Munaona! Hata mviringo wanatupatia wa uwongo. Mistari 24! Tuache hizo mashini.» Tulikubali kwa siku moja. Kisha fundi wa kujenga akatuharibia furaha yetu. Alisema: «Walimu, tofali yangu nayo imenyoka.»

Alisema kweli. Ukuta wa mviringo wa matofali ni mistari mifupi iliyofungwa pamoja, sawa na ule wa mashini. Kwa barza yetu, mstari mmoja wa matofali ya sentimeta 20 unahitaji karibu matofali 150 kuzunguka upande wa ndani. Na kwa kuwa ukuta una unene wa sentimeta 20, upande wa nje ni mrefu kupita wa ndani kwa mita moja na robo. Urefu huo lazima ugawanyike katika nafasi 150 za simenti: ndani sentimeta 1, nje karibu 1,8. Inawezekana. Lakini kama mviringo ungekuwa mdogo, wa nusu-kipenyo cha mita moja, kila nafasi ya nje ingezidi ya ndani kwa sentimeta 4, na fundi angelazimika kukata matofali ao kuyalaza kwa upana. Mashini haijui hiyo. Yenyewe inachora ukuta laini kama chungu, na mzigo unabaki kwa yule mwenye mwiko.

Hata Archimedes, Mgiriki wa zamani, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Yesu, alipotaka kujua kipimo cha mviringo, alichora umbo lenye pande 96 ndani yake na lingine nje yake. Alijua kama hayo si mviringo. Ukuu wake ulikuwa hapo: alisema waziwazi kama jibu liko kati ya kipimo hiki na kipimo hiki, hakusema amekwisha kuukamata. Sisi nasi, tulipoongeza mistari ya barza kutoka 24 mpaka 96, kasoro ilishuka kutoka sentimeta 4 mpaka milimeta 3 hivi. Hakuna fundi anayeshindana na milimeta 3.

Kwa hiyo tunasema: kukaribia si kudanganya. Matofali yanakaribia, kamba inakaribia, mashini inakaribia. Uwongo unaanza mtu anapoficha kama anakaribia tu, ao anapotumia ugumu wa chombo kufunika jambo lingine.

6. Uwongo ulikuwa wapi basi

Tunafika kwenye kiini. Neno «haiwezekani» ni neno zito. Linafunga mlango bila kusema nani ameufunga. Mtu akisema «sijui», tunaweza kumfundisha. Akisema «ni gali», tunaweza kuhesabu. Akisema «sipendi», tunaweza kubishana naye. Lakini akisema «haiwezekani», maneno yameisha, wazee wanarudi nyumbani.

Kijana wetu hakuwa na nia mbaya. Kweli yenyewe ilikuwa «sijui bado», lakini aliogopa kuisema mbele ya watu waliomwona kuwa msomi. Nani kati yetu, walimu, hajafanya hivyo mbele ya darasa? Mwanafunzi anauliza kitu tusichokijua, tunajibu: «Hiyo haiko katika programu ya serikali.» Ni uwongo uleule. Tunajificha nyuma ya chombo.

Kosa la pili lilikuwa letu, sisi tuliopokea karatasi. Tulipoambiwa mashini haikubali, wengi wetu tulikuwa tayari kukubali. Hata tulianza kutafuta sababu za kusifu pembe ine. Lau muzee yule hangeuliza, barza ingejengwa ya mraba, na baada ya miaka kumi tungewaambia watoto kama «desturi zinabadilika». Desturi inabadilika, ndiyo. Lakini kuna tofauti kati ya desturi tuliyoiacha kwa kuchagua na desturi iliyotuponyoka sababu hakuna aliyeuliza swali la pili. Waswahili wanasema mwacha mila ni mtumwa. Sisi tungeongeza: anayeiacha bila kujua ameiacha saa gani, huyo hata bwana wake hamjui.

Mtu atatupinga hivi: «Munawaonea vijana. Kila chombo kinachagua. Shoka linachagua mti, jembe linachagua udongo. Hata kamba ya wazee ilichagua mviringo, sababu mviringo ndio uliokuwa rahisi kwa kamba.» Ni upinzani wenye nguvu, na hatuwezi kuupita mbio. Ni kweli. Labda wazee wa kwetu walipenda mviringo kwa sehemu juu ya urahisi wa kamba, kama sisi tunavyopenda mraba juu ya urahisi wa ordinateri. Lakini kuna tofauti mbili. Kwanza, kamba ilikuwa mikononi mwao: waliisokota wenyewe, walijua inapokatika. Chombo chetu kimetengenezwa mbali, na watu waliokuwa wakifikiri juu ya nyumba zingine. Hawakututakia mabaya, hawakutufikiria tu. Pili, urahisi wa kamba ulizaa mapenzi, na mapenzi yakabaki hata kamba ilipokwenda. Muzee hakuomba kamba. Aliomba mviringo.

Na mashini zenyewe zinatoa ushahidi kama kupinda si adui yao. Wafaransa wawili, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, walitafuta, tangu 1959 na katika miaka ya 1960, hesabu ya kuchora mapindo ya magari. Hesabu hiyo ndiyo iko leo ndani ya programu nyingi za kuchora. Kule Bilbao, Hispania, nyumba ya sanaa ya Guggenheim, iliyofunguliwa mwaka wa 1997, ina kuta za kupinda kama samaki. Watu wa Frank Gehry walizipima kwa CATIA, programu iliyotengenezwa na Dassault kwa kazi ya ndege. Basi, palipo na makuta na hamu, mashini inapinda. Kwa maskini ndiyo inasemwa «haiwezekani».

7. Haki ya fundi, na haki ya mfuko

Hata hivyo lazima tuwe waangalifu, tusije tukapigania umbo na kusahau watu. Katika chuo kikuu cha Virginia, kule Marekani, kuna kuta za bustani zinazokwenda kama nyoka, zenye unene wa tofali moja tu. Zinasimama juu ya kupinda kwake. Watu wanamsifu Thomas Jefferson aliyezichora. Lakini waliojenga chuo kile, kuchoma matofali na kuyapanga, wengi wao walikuwa watumwa, na majina ya wengi hatuyasikii. Ukuta mzuri unaweza kusimama juu ya dhuluma. Ndiyo maana tulimwuliza fundi wetu mapema: ukuta wa mviringo utakuchukua siku ngapi kupita ule ulionyoka? Alisema kama kazi itakuwa pole pole kwa theluthi moja, sababu kila tofali anaipima kutoka kijiti cha katikati. Basi malipo yake yaliongezwa kwa theluthi moja. Bila hiyo, mapenzi yetu kwa desturi yangelipwa na mgongo wake.

Tulipiga hesabu zingine tena. Mraba wenye nafasi ileile ya mita mraba 78 na nusu ungeomba ukuta wa mita 35 na kidogo; mviringo unaomba mita 31 na kidogo. Tunapata faida ya mita ine za ukuta. Lakini paa linakula faida hiyo yote na kupita, juu ya mabati yanayokatwa. Wazee walikaa, wakasikiliza hesabu zote, pamoja na kijana na fundi. Mwishowe walipatana hivi: ukuta uwe wa mviringo wa kweli, kadiri tofali inavyoweza; paa liwe na pande 12, ili mabati yasipotee sana. Muzee wetu hakulipenda paa. Alisema linafanana na mwamvuli wa muuza simu. Lakini alisema tena: «Hii tumeikata sisi wenyewe.» Na alikubali.

Tunaona kama neno lake hilo ndilo jibu la ulizo letu. Paa la pande 12 si la wazee, na ukuta wa matofali si wa wazee. Lakini hakuna kitu katika barza ile kilichoamuliwa na mtu asiyekuwa na jina. Ukiuliza juu ya kila pembe na kila pindo, kuna mtu anayeweza kusimama na kusema: ni mimi nilitaka hivyo, na sababu ni hii.

8. Tunayowaachia wasomaji

Kwa vijana wanaochora: jifunzeni chombo chenu mpaka mujue kinapogoma na kwa nini. Musiseme «haiwezekani» kabla ya kujaribu kichochoro. Kama hamujui, semeni hamujui. Heshima haipotei kwa neno hilo.

Kwa wazee: endeleeni kuuliza. Lakini mueleze pia sababu ya kupenda kitu. «Ndivyo tulivyozoea» haitoshi kwa mtoto anayelala katika chumba cha pembe ine tangu kuzaliwa. Samaki mkunje angali mbichi. Na ukuta vilevile unapindwa wakati ungali kwenye karatasi. Simenti ikikauka, maombolezo hayasaidii.

Kwa sisi walimu: tunafundisha mviringo kila mwaka, pi na nusu-kipenyo, tukitazama kitabu kana kwamba ni kitu cha Ulaya. Tungeweza kutoka nje na kijiti na kamba. Tungewaambia watoto: hivi ndivyo babu yenu alivyoanza nyumba.

Na chombo chenyewe? Tusikilaani, tusikiabudu. Kinajua kuhesabu, hakijui kuketi. Wanaoketi ndio wanaochagua, na wakichagua vibaya, kosa ni lao. Siku hizi, jioni, watoto wanapita mbio kuzunguka barza ile wakigusa ukuta kwa mkono bila kusimama, sababu hakuna pembe ya kuwasimamisha. Muzee aliyeuliza anaketi pale mlangoni. Kijana aliyechora hupita kumsalimia, na muzee bado anamwuliza, kila mara: «Mashini yako haijambo?»